Injini Imefumuliwa, Imelala, Sasa Haizunguki: Pa Kuanzia

Gari lililofanyiwa ovahoo likikaa gereji miezi kadhaa, likisubiri pampu ya nozeli au pesa ya mwenyewe, siku ya kuliwasha huwa na mashahidi wengi. Ufunguo unageuzwa, stata inagonga mara moja, kisha kimya. Hapo kila mtu ana hukumu yake. Mwenye gari anasema fundi ameharibu, fundi anasema gari limekaa mno, fundi umeme anataka kushusha stata, na kijana wa gereji ameshakwenda kutafuta kamba ili livutwe. Kila mmoja wao huwa sahihi kwa gari fulani, lakini hatua ikichukuliwa kwa gari lisilo lake, hasara inaongezeka.

Tutenganishe kwanza hali mbili ambazo watu huzichanganya wanaposema gari haliwaki. Injini inayozunguka kwa stata lakini haishiki moto ina shida ya mafuta, ya plagi, ya taimingi au ya kompresheni. Injini ambayo krenki yake haisogei kabisa ni kesi nyingine, na hiyo ndiyo tunayoichambua hapa. Swali linalopunguza kazi yake ni hili: mara ya mwisho injini hii ilizunguka lini, na ilizungushwa na nini? Mkono, stata, au moto wake yenyewe?

Historia ya injini ni ushahidi

Chukua injini ya Toyota 3L, dizeli inayofahamika sana kwenye Hiace na Hilux za Afrika Mashariki. Ina silinda 4, kipenyo cha silinda ni milimita 96, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,779. Ikifumuliwa, bloku hupelekwa kuboo au kuvishwa slivu, krenki huchongwa, uso wa hedi hunyooshwa kwa mashine, kisha vyote hurudishwa na kukazwa. Sasa tuseme imekaa nusu mwaka.

Katika muda huo vipo vitu vinavyobadilika. Betri inapoteza chaji. Vichwa vya nyaya vinaota uchafu mweupe na wa kijani. Oili inateremka kutoka kwenye kuta za silinda na kurudi kwenye sampu. Unyevu unaingia kupitia njia ya hewa na ya moshi. Maji ya rejeta yanapenya pale gasketi ya hedi isipokaa vizuri. Panya wanatafuna nyaya na kujaza matambara kwenye bomba la hewa.

Vipo pia visivyobadilika: nafasi ya oili kati ya krenki na beringi, nafasi inayoachwa kwenye ncha za ringi, urefu wa bolti, mpangilio wa kofia za konrodi. Beringi haibani kwa sababu ya kulala. Kama injini ilizungushwa kwa mkono baada ya kufungwa ikaenda vizuri raundi mbili kamili, washukiwa ni wale wa kundi la kwanza tu. Kama haikuwahi kuzungushwa, au hakuna anayekumbuka, makosa ya kufunga nayo yanaingia kwenye orodha. Na kama iliwaka, ikatembea, ikachemka, ikazimwa na haikuzunguka tena, kulala hakuhusiki sana. Hapo joto ndilo lililoonyesha kosa lililokuwa limejificha.

Fundi asiyeuliza haya kwanza anafanya kazi gizani, hata akiwa na vifaa vizuri.

Umeme uondolewe shaka mapema

Injini nyingi zinazotangazwa kuwa zimejamu hazijajamu. Betri imeisha. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kati ya 12.6 na 12.7. Ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi, na chini ya 12.0 ni kama tupu. Tena betri iliyoachwa tupu kwa miezi huharibika ndani, kiasi kwamba hata baada ya kuchajiwa husoma vizuri ikiwa imepumzika, kisha huanguka mara stata inapoomba nguvu. Kwa hiyo isomwe pia wakati msaidizi anageuza ufunguo. Ikishuka chini ya volti 9.6 au hapo karibu, ama betri imechoka, ama stata inavuta umeme mwingi kwa sababu kitu kimekataa kuzunguka.

Asiye na mita atumie taa kubwa. Aziwashe, kisha ageuze ufunguo. Taa zikibaki vilevile na stata haisemi kitu, umeme haufiki kwenye stata: angalia fyuzi, relei, swichi ya ufunguo, swichi ya klachi, au swichi ya giaboksi ya otomatiki inayozuia gari kuwashwa likiwa kwenye gia. Taa zikififia hadi karibu kuzima, betri ni dhaifu, viungo vya nyaya ni vichafu, au stata imekabwa na injini. Taa zikififia kidogo na solenoidi ikigonga mara moja, shaba za ndani ya solenoidi huenda zimelika.

Ovahoo ina kosa lake maalumu la umeme, nalo ni waya wa ethi. Wakati wa kurudisha injini, waya unaounganisha bloku na bodi husahauliwa, au hufungwa juu ya rangi mpya aliyopaka fundi ili injini ipendeze. Umeme wa stata ukikosa njia hiyo hutafuta nyingine, na kebo ya klachi au ya akselereta inaweza kupata moto mkononi mwako. Kipimo chake ni rahisi. Weka mita kati ya ncha hasi ya betri na chuma kitupu cha bloku, kisha piga stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.2 au 0.3, ethi ni mbaya. Ukiunganisha kwa muda kebo ya kubusti kutoka ncha hasi moja kwa moja hadi kwenye bloku na injini ikazunguka, kazi imeisha.

Betri ikiwa nzima, nyaya safi, na stata bado inagonga tu, acha ufunguo. Meno ya stata ni kama 10 na ya flaiwili ni zaidi ya 100, kwa hiyo nguvu ya stata inafika kwenye krenki ikiwa imezidishwa zaidi ya mara kumi. Nguvu hiyo inatosha kupinda konrodi au kugonga valvu. Kujaribu tena na tena katika hatua hii hakumwambii fundi jambo jipya.

Alama ya chaki kwenye puli

Kifaa kinachotoa jibu ni pawa baa na boksi spana inayoingia kwenye bolti ya puli ya krenki. Toa waya hasi wa betri, weka gia huru, zuia magurudumu. Toa plagi zote, au hita plagi kama ni dizeli, ili kompresheni isikudanganye. Piga mstari wa chaki kwenye ukingo wa puli na mwingine kwenye kava ya taimingi, mistari ikutane. Kisha sukuma taratibu kuelekea upande injini inakozungukia. Kwa injini nyingi ni mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka mbele kwenye puli, ingawa baadhi ya injini za Honda za zamani huzunguka kinyume. Ukirudisha nyuma, rudisha kidogo tu, kwa kuwa bolti yenyewe inaweza kulegea ukadhani krenki ndiyo imesogea. Ndiyo maana chaki ipo: tazama mstari wa puli, usitazame mpini.

Yapo majibu manne. La kwanza, mstari hausogei hata kidogo upande wowote. Hiyo ni kutu kwenye ringi, beringi iliyobana, au kitu cha nje kilichoikaba krenki. La pili, mstari unasogea bila shida, ingawa injini ilikataa plagi zikiwa ndani. Fikiria maji au mafuta ndani ya silinda. La tatu, mstari unasogea kisha unasimama ghafla kwa mlio wa chuma, mahali palepale kila mara. Hiyo ni valvu iliyokutana na pistoni, bolti ndefu, au nati iliyoangukia ndani. La nne, krenki inazunguka raundi nzima lakini ina sehemu moja ngumu. Hapo shuku kofia ya beringi iliyogeuzwa, krenki iliyopinda, au silinda moja yenye kutu.

Kabla ya kufungua chochote cha ndani, toa vya nje. Legeza mikanda, kisha zungusha kwa mkono altaneta, pampu ya maji na kompresa ya AC, kimoja kimoja. Shusha stata, kwani meno yake yakinasa kwenye flaiwili injini inafungwa kabisa, na kuishusha tu kunaifungua. Ikiwa gari ni la otomatiki na giaboksi iliondolewa wakati wa ovahoo, shuku toki konveta. Konveta hiyo lazima iingie hatua zake zote ndani ya pampu ya giaboksi kabla ya giaboksi kukutana na bloku. Isipoingia yote, hubaki pengo la sentimita moja au mbili, na fundi mwenye haraka huliziba kwa kukaza bolti. Pengo linazibika, krenki inabanwa, na pampu ya giaboksi inavunjika pamoja nayo. Legeza bolti za giaboksi. Krenki ikiachia, umeokoa injini na umejua kosa liko wapi.

Vijiko viwili vya maji

Pistoni hugandamiza hewa, lakini haiwezi kugandamiza maji. Kila silinda ya 3L ina karibu sentimita za ujazo 695, na uwiano wake wa kompresheni ni takriban 22 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 33, yaani vijiko viwili vikubwa vya kulia chakula na kidogo zaidi. Maji yakizidi hapo, pistoni haipiti.

Katika injini iliyotoka kufumuliwa, maji hayo mara nyingi hupitia gasketi ya hedi. Uso wa hedi haukunyooka, bolti hazikukazwa kwa mpangilio na hatua zinazotakiwa, au hedi ina ufa ambao haukupimwa. Injini ikizimwa ikiwa moto, rejeta bado ina presha, na presha hiyo inasukuma maji ndani ya silinda usiku kucha. Asubuhi injini imejamu. Kwenye magari ya petroli, nozeli inayovuja au kabureta yenye nidili mbovu inaweza kujaza silinda kwa petroli vilevile, na sehemu yake ikateremka hadi kwenye oili.

Uchunguzi wake ni mfupi. Plagi zikiwa nje, zungusha krenki kwa mkono huku umesimama kando, mbali na matundu. Kitakachoruka kitakuambia: maji ya rangi ni kulanti, harufu utaijua kama ni mafuta. Vuta kijiti cha oili pia. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji, iliyozidi kipimo na kunuka petroli ina mafuta. Kutoa maji na kuwasha hakutoshi, kwa sababu njia yaliyopitia bado iko wazi.

Kutu ya silinda mpya

Watu hudhani injini mpya inastahimili kulala kuliko ya zamani. Kwa upande wa kutu mambo ni kinyume. Silinda iliyotoka kuboo na kupigwa honi ni chuma kitupu chenye mikwaruzo midogo ya makusudi, isiyo na tabaka la oili iliyochomeka kama la silinda iliyofanya kazi miaka. Ikioshwa kwa maji na sabuni inavyotakiwa kisha isipakwe oili mara moja, rangi ya kahawia inaonekana siku hiyohiyo. Nafasi kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache za mia za milimita, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho. Haihitajiki kutu nyingi kushika ringi.

Mahali napo panahesabika. Bloku iliyoachwa wazi Mombasa, Tanga au Zanzibar wakati wa masika iko kwenye hewa yenye unyevu na chumvi, na haiwezi kulinganishwa na iliyoachwa Dodoma wakati wa kiangazi. Hata injini iliyofungwa yote haijazibwa. Popote krenki inaposimama, baadhi ya valvu huwa wazi, na hewa ya nje inafika silinda hizo. Ndiyo sababu mara nyingi silinda moja au mbili tu ndizo zenye kutu na nyingine ni safi. Kamera ndogo ya kuingiza kwenye tundu la plagi inaionyesha hali hiyo bila kushusha hedi.

Makosa ya siku ya kufunga

Kama krenki haikuwahi kuzunguka vizuri, ushahidi unaanzia kwenye boksi za spea. Krenki huchongwa kwa hatua, mara nyingi za milimita 0.25, na beringi huuzwa kwa hatua hizohizo. Krenki iliyochongwa 0.25 ikivishwa beringi za 0.50, kofia zikikazwa inabanwa palepale. Ikivishwa za kawaida inalegea, injini inazunguka kirahisi, kisha inagonga na kukosa presha ya oili. Saizi huandikwa kwenye boksi na mara nyingi hupigwa muhuri mgongoni mwa beringi yenyewe. Duka linaweza kutoa boksi isiyo yake, na kwa kuwa huku kwetu mara nyingi mwenye gari ndiye anayenunua spea, lawama hapo ina mikono mitatu: duka, mnunuzi, na fundi aliyefunga bila kusoma.

Makosa mengine ya kundi hili ni kofia za meni zilizobadilishana nafasi au kugeuzwa mshale, kofia za konrodi zilizochanganywa, washa za krenki zilizowekwa mgongo mbele hivi kwamba mifereji ya oili haikutani na krenki, na bolti ndefu za flaiwili au za kava ya taimingi zinazogusa kitu upande wa pili. Taimingi iliyokosewa inaweza kukutanisha valvu na pistoni. Mzunguko mmoja wa krenki haufichui yote, kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kipimo halali ni raundi mbili kamili.

Ringi zina kosa linalosubiri joto. Kanuni ya jumla ni kuacha nafasi ya karibu milimita 0.4 kwenye ncha za ringi kwa kila milimita 100 za kipenyo cha silinda, na kitabu cha injini husika ndicho cha mwisho. Ringi yenye nafasi ndogo huzunguka vizuri ikiwa baridi. Ikipata moto inatanuka, ncha zake zinagongana, na inakwaruza ukuta. Injini iliyotembea kilomita chache, ikapoteza nguvu na kuzima, ichunguzwe hapa kabla kutu haijasingiziwa.

Kuvuta kwa kamba au kusubiri?

Mafundi hawakubaliani kuhusu namna ya kuachia injini iliyoshikwa na kutu. Wapo wanaoweka gia na kuvuta gari kwa kamba. Njia hiyo hufaulu mara nyingine, ndiyo maana haifi. Lakini magurudumu yakipitia gia yanaleta kwenye krenki nguvu isiyopimika, na hakuna anayeona kinachotokea ndani. Ringi zinavunjika, pistoni zinameguka kwenye mifereji ya ringi, na kama tatizo lilikuwa maji, konrodi inapinda. Gari linawaka, watu wanashangilia, kisha linafuka moshi na kunywa oili. Kwa injini iliyotoka kufumuliwa kwa gharama, hiyo ni kamari.

Njia ya subira ni kumimina kwenye kila silinda oili nyepesi ya kupenya, au mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, na kuacha siku kadhaa. Asetoni hushika moto upesi, hivyo cheche na sigara zikae mbali. Kisha pawa baa, kidogo mbele, kidogo nyuma, ukifuata mstari wa chaki. Ikisogea nusu sentimita leo, imekubali. Ikikataa kabisa baada ya kuloweshwa vya kutosha, shusha hedi. Gasketi mpya ni nafuu kuliko bloku.

Ikiachia, usikimbilie kuwasha. Toa oili yote iliyomiminwa, badili oili ya injini na filta, kagua kuta kwa kamera. Doa la kutu ambalo kucha hailihisi litasafishwa na ringi zenyewe. Shimo ambalo kucha inanasa linataka kuboo tena. Kisha zungusha kwa stata bila plagi, na mafuta yakiwa yamekatwa, hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi. Oili imekuwa chini muda wote huo, na beringi hazina ulinzi hadi pampu iijaze mifereji.

Hukumu

Tukipima yote kwa pamoja, kulala peke yake huharibu vitu vichache vinavyojulikana: betri, viungo vya umeme, na kuta za silinda zilizoachwa bila oili. Kilichobaki kilikuwemo tangu siku ya kufunga. Kwa hiyo fundi anayesema tu kwamba gari limekaa hajajibu, na mwenye gari anayelaumu kila kitu bila kujua kama krenki iliwahi kuzunguka naye hana kesi.

Injini inayojulikana kwamba itasubiri ilindwe. Tia mililita tano hadi kumi za oili safi kila silinda, ziba njia ya hewa na ya moshi, toa waya hasi wa betri, jaza kulanti badala ya maji ya bomba, na kila wiki zungusha krenki kwa mkono raundi kadhaa ili isisimame palepale. Kuiwasha dakika tano kila Jumamosi hakusaidii, kwa sababu haipati moto wa kutosha kukausha unyevu inaoutengeneza yenyewe.

Na wewe mwenye gari, kabla ya kulipa salio, mwombe fundi azungushe krenki kwa mkono mbele yako, plagi zikiwa nje, raundi mbili kamili. Piga picha ya boksi za beringi, na andikeni tarehe na saizi kwenye risiti. Siku injini ikigoma, karatasi hiyo ndiyo itakayosema nani aulizwe kwanza.